Walokole: jinsi wokovu ulivyogeuka safari

Mtaani Dar es Salaam neno mlokole lina kazi nyingi. Kijana aliyeacha bia ghafla huitwa hivyo na wenzake wa kijiweni. Binti wa sketi ndefu na nywele asizozitia dawa huitwa hivyo hata kama hajafungua mdomo. Konda akikurudishia chenji yote bila kuombwa, jirani yako kwenye kiti atakunong'oneza kwamba huyu siku hizi ni mlokole. Neno linatumika kwa utani, kwa heshima na kwa kejeli, na wanaolitumia wachache wanajua kwamba si la kwetu. Lilivuka mpaka kutoka Buganda, ambako balokole maana yake ni waliookoka, na lilivuka kwa miguu, likiwa midomoni mwa watu waliokuwa wakitembea kuwaeleza wengine yaliyowakuta.

Safari ya neno hilo ni sehemu ndogo ya safari kubwa zaidi. Mkristo wa Buganda wa mwaka 1920, ukimuuliza habari za dini yake, angekutajia jina la ubatizo na mchungaji aliyembatiza. Mwanawe wa mwaka 1950, kama alikuwa mmoja wa ndugu, kama walokole walivyoitana, angekusimulia alikotoka, siku Yesu alipomkuta, na mahali alipojikwaa juzi. Kati ya majibu hayo mawili kuna miaka thelathini, na humo ndimo mambo yalipogeuka.

Dini ya kusoma, 1877–1927

Wamisionari wa Kianglikana wa shirika la CMS walifika kwa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, mwaka 1877. Waliowafuata waliitwa abasomi, wasomaji, kwa sababu kuingia dini na kujifunza kusoma lilikuwa jambo moja. Miaka kumi haikupita kabla baadhi yao hawajauawa kwa amri ya Kabaka Mwanga, aliyemrithi Mutesa, wengi wao wakichomwa moto Namugongo mwaka 1886. Imani ya wakati huo ilikuwa na gharama, na aliyeichagua alijua anachochagua.

Kisha mambo yakapinduka. Waprotestanti walishinda vita vya ndani vya Buganda, Waingereza wakaingia, na Mkataba wa 1900 ukagawa ardhi ya mailo kwa machifu na kwa makanisa. Ndani ya kizazi kimoja imani iliyowapeleka vijana motoni ikawa njia ya kupata shule, cheo na shamba. Kanisa la Uganda lilipoadhimisha miaka 50 mwaka 1927 lilikuwa na makanisa mengi, wachungaji wengi na jina kubwa. Lilikuwa pia na wazee wa kanisa wenye wake wa pembeni, na walimu waliokuwa wakinywa pombe usiku na kufundisha katekisimu asubuhi. Hakuna aliyeshangaa. Ubatizo ulikuwa umeshapatikana, na baada ya ubatizo hapakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Si kwamba wamisionari hawakuijua sitiari ya safari. Kitabu cha John Bunyan kuhusu msafiri aendaye mji wa mbinguni kilitafsiriwa mapema katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Lakini kusoma habari za msafiri ni jambo moja, na kuulizwa na jirani umefika wapi ni jingine.

Siku mbili Namirembe, 1929

Joe Church alikuwa daktari kijana Mwingereza aliyesomea Cambridge. Alifika Gahini, mashariki ya Rwanda, kwenye kilima kinachotazama Ziwa Muhazi, mwaka 1928. Hospitali ilikuwa changa na Wabelgiji ndio waliokuwa wakitawala. Mara akakutana na njaa kubwa ambayo Wanyarwanda waliiita Rwakayihura. Watu walikuja kilimani kutafuta chakula na wengine wakafia njiani. Njaa ilipopungua, Church alikuwa amechoka mwili, na kwa maneno yake mwenyewe alikuwa amechoka zaidi rohoni. Septemba 1929 akaenda Kampala kupumzika.

Kwenye kilima cha Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, mtumishi wa idara ya afya ya serikali, msomi wa shule ya Budo aliyewahi kutumika katika vita vya kwanza vya dunia. Nsibambi alikuwa na swali lililomsumbua kwa miaka: ana ubatizo, ana elimu, ana kazi nzuri, ila kuna kitu hana, na kanisa lake nalo halina. Church akamwambia kwamba naye anakitafuta kitu hichohicho. Wakakaa siku mbili na Biblia zao, wakifuata aya moja baada ya nyingine kuhusu kazi ya Roho Mtakatifu.

Mkutano huo umesimuliwa mara nyingi mno hata umekuwa kama hekaya. Nadhani uzito wake hauko katika mafundisho waliyoyachambua, maana mengi ya hayo Church alikuwa ameyasikia Uingereza katika mikutano ya Keswick. Uzito uko katika jinsi walivyokaa. Mwaka 1929, chini ya bendera ya mkoloni, mzungu mmisionari na Mwafrika mtumishi wa serikali waliketi meza moja kama watu wawili walioishiwa, kila mmoja akimwambia mwenzake kwamba amepungukiwa. Hakuna aliyekuwa mwalimu wa mwenzake. Mengi yaliyofuata kwa miaka ishirini yalifuata mtindo huo wa kuketi.

Nsibambi aliacha kazi ya serikali, akavua viatu, akaanza kuhubiri Kampala akiwa na kanzu yake, akimshika mtu mmoja mmoja na kumuuliza kama ameokoka. Church akarudi Gahini.

Gahini, 1931–1936

Gahini kulikuwa na mtu aliyekuwa hataki kusikia hayo. Yosiya Kinuka, mfanyakazi mkuu wa Kiafrika katika hospitali, alikuwa amechoshwa na Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, aliyehamia kilimani hapo kufundisha shule na kuwasumbua watu kwa habari za toba. Hospitalini palikuwa na magomvi, uvivu na wizi mdogomdogo wa mali ya wagonjwa. Kinuka alisafiri hadi Kampala kumwona Nsibambi, akamwaga malalamiko yake juu ya hali ya hospitali. Nsibambi alimsikiliza, kisha akamwambia jambo lisilo la adabu hata kidogo: hospitali ni mbovu kwa sababu wewe mwenyewe ni mbovu. Kinuka aliondoka na neno hilo kama mwiba. Njiani kurudi, kabla hajaiona Gahini, alikubali.

Aliporudi alikuwa mtu mwingine, na hospitali ikamwona. Desemba 1933, katika mkutano wa Wakristo kilimani hapo, mtu mmoja alisimama akaanza kutubu dhambi zake kwa sauti. Akafuata wa pili. Kwa saa kadhaa watu walisimama mmoja baada ya mwingine, wengine wakilia, wakitaja wizi, chuki na uzinzi kwa majina yake. Wamisionari hawakuwa wamepanga hivyo, na baadhi yao hawakupenda.

Miaka hiyohiyo utawala wa Kibelgiji ulikuwa ukiwaandikisha Wanyarwanda, kila mtu na kitambulisho chake kinachosema ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Kazi hizo mbili, ya makarani na ya wanaotubu, zilikwenda sambamba katika nchi moja ndogo. Tutarudi hapo.

Mwaka 1935 Kigozi, akiwa amevunjika moyo kwa ubaridi wa kanisa, alijifungia kibandani juma zima akiomba. Alipotoka, waliomsikia walisema maneno yake yalikuwa yanachoma. Septemba mwaka huo yeye na wenzake wa Gahini walikwenda Kabale, ng'ambo ya mpaka, kuongoza mkutano, na kutoka hapo wilaya nzima ya Kigezi ikawaka. Watu walirudisha ng'ombe walioiba na kulipa kodi walizokwepa, na makarani wa serikali wakapokea fedha wasizojua waziandike kwenye daftari gani. Januari 1936 Kigozi alikwenda Kampala ili azungumze mbele ya Sinodi ya kanisa. Alikuwa amebeba hoja zake, na neno moja la Kiganda, Zukuka, yaani amka. Homa ya papasi ikamuua siku chache kabla ya kusimama. Hoja zake zilisomwa bila yeye, na pengine zilisikika zaidi kwa sababu hiyo.

Namna ya kutembea

Walichokibuni ndugu hawa, ukiondoa machozi na nyimbo, kilikuwa kitu cha kawaida sana: kikao cha kila wiki. Walikiita ushirika. Mtu anasimama, anasema jina lake na namna Yesu alivyomwokoa, kisha anaeleza jinsi alivyotembea tangu walipoonana mara ya mwisho. Nilimkasirikia mke wangu. Nilimdanganya mnunuzi wa kahawa. Nilimwonea wivu ndugu fulani, naye yuko hapa, naomba anisamehe. Wenzake wanamsikiliza, na wanaitikia kwa Tukutendereza Yesu, wimbo wa Kiganda ulioimbwa hadi Pwani na hadi milima ya Burundi na watu wasiojua neno lingine lolote la Kiganda.

Msamiati wao ulikuwa wa barabarani. Walitoa katika Waraka wa Kwanza wa Yohana, sura ya kwanza, maneno ya kutembea nuruni, wakayafanya amri ya kila siku. Kitu kilichofichwa kilitakiwa kuwekwa nuruni. Mtu mgumu alitakiwa kuvunjika. Aliyenyamaza majuma mawili aliulizwa kwa upole amekwama wapi. Wokovu uliacha kuwa kitu ulichopewa utotoni. Ulikuwa mwendo, na mwendo unahitaji wenzako wanaokuona ukienda.

Kikao hicho kilivunja kuta ambazo mahubiri hayakuziweza. Wamisionari kadhaa waliomba radhi mbele ya wasaidizi wao kwa hasira na kwa kiburi cha rangi, jambo ambalo katika koloni la miaka ya 1930 lilikuwa karibu na kashfa. Wanawake walisema mbele ya wanaume. Katika Buganda, ambako mila iliwakataza wanawake kula kuku na mayai, wake wa ndugu walikula mezani pamoja na waume zao, na majirani wakakosa usingizi. Ukitaka kujua kwa nini uamsho huu ulichukiwa vijijini, usianze na theolojia. Anza na yule kuku.

Nje ya Rwanda, 1937–1941

Walisafiri kwa makundi, nao wakayaita timu. Mwaka 1937 timu ilifika Kabete, karibu na Nairobi, na mwaka uliofuata Maseno. Mwaka 1939 ilifika Katoke, chuo cha walimu upande wa magharibi wa Tanganyika, na kutoka huko moto ukaenea Kagera hadi kwa Walutheri wa Bukoba. Kwa kila mpaka waliouvuka, Kiganda kilitosha kidogo zaidi, na Kiswahili kikachukua zamu. Salamu ya Bwana asifiwe, ambayo leo hata mwanasiasa huianzia hotuba akiwa madhabahuni, ilienea hasa kupitia kwao.

Mgogoro mkubwa ulitokea nyumbani, Uganda. Katika chuo cha wachungaji cha Bishop Tucker, Mukono, kundi la wanafunzi wakiongozwa na William Nagenda walikuwa wakiamka alfajiri kusali na kuhubiri kwa sauti, wakiwashutumu wenzao kwa wizi na uasherati, na walimu kwa mafundisho yaliyopunguza nguvu ya msalaba. Mkuu wa chuo alipiga marufuku mikusanyiko ya alfajiri. Wakaendelea. Oktoba 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa.

Hapo ndipo historia ingeweza kwenda njia nyingine. Katika Afrika Mashariki ya wakati huo, kufukuzwa kanisani kulikuwa mwanzo wa kanisa jipya. Kenya ilikuwa tayari na mengi. Ndugu hawa walikuwa na viongozi, wafuasi, nyimbo na hasira ya kutosha. Hawakuondoka. Nagenda hakupata kuwa mchungaji maishani mwake, akazunguka kama mhubiri wa kawaida hadi Ulaya, lakini Jumapili aliketi katika kanisa lilelile lililomfukuza chuoni. Askofu Cyril Stuart naye hakuwasukuma hadi ukingoni. Matokeo yake yalichukua miaka kuonekana: waliofukuzwa walizaa kizazi kilicholiongoza kanisa lenyewe.

Damu mbili, 1952

Kenya ilipotangaziwa hali ya hatari Oktoba 1952, ndugu wa Gikuyu, walioitwa ahonoki kwa lugha yao, walijikuta katikati. Wapiganaji wa Mau Mau waliwataka wale kiapo. Wao wakajibu kwamba wamekwisha kuinywa damu ya Yesu na hawawezi kuinywa ya mbuzi juu yake. Serikali iliwataka washike bunduki katika mgambo wake wa Home Guard. Wengi wao wakakataa hilo pia. Wakawa washukiwa wa pande zote mbili, wakachinjwa na hawa na kutiliwa mashaka na wale.

Inaweza kusemwa, na wanahistoria wa Kenya wameyasema, kwamba ndugu hawa walikuwa na jibu la dhambi ya mtu na hawakuwa na jibu la ardhi iliyoporwa. Ni kweli. Lakini wakati kila mtu alilazimika kuchagua nani amuue, kuna watu waliokataa swali lenyewe, na walikataa wakijua gharama. Kiapo kiliporudi mwaka 1969, baada ya kuuawa kwa Tom Mboya, wale wazee walikuwapo tena kukikataa.

Ndugu katika viti, 1955–1977

Tarehe 15 Mei 1955, huko Namirembe, Askofu Mkuu wa Canterbury Geoffrey Fisher aliwaweka wakfu maaskofu wanne Waafrika kwa mpigo mmoja. Miongoni mwao walikuwapo Obadiah Kariuki wa Kenya, mtu wa uamsho tangu siku za mwanzo, na Yohana Omari wa Tanganyika. Mwaka 1966 Erica Sabiti, mlokole wa Ankole, akawa Mwafrika wa kwanza kuwa askofu mkuu wa jimbo lililojumuisha Uganda, Rwanda na Burundi. Kwa Walutheri, Josiah Kibira wa Bukoba, naye mtoto wa uamsho huohuo, aliongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani kuanzia 1977 hadi 1984.

Anayejulikana zaidi ni Festo Kivengere wa Kigezi. Yeye na mkewe Mera walihamia Dodoma mwaka 1946 kufundisha, wakakaa zaidi ya miaka kumi, na Kiswahili chake kilikomaa kiasi kwamba Billy Graham alipohubiri Moshi mwaka 1960, yeye ndiye aliyemtafsiria. Mwaka 1972 akawa askofu wa Kigezi, wakati Idi Amin akiwa ameshika madaraka. Februari 1977 Amin alimkamata Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeokoka mwaka 1948 huko Acholi kupitia uamsho huu. Tarehe 16 Luwum akauawa. Serikali ikasema ni ajali ya gari. Kivengere na Mera walionywa kwamba zamu yao imefika. Usiku wakapanda milima kwa miguu, wakavuka kuingia Rwanda. Ile njia ambayo uamsho ulikuja nayo miaka arobaini nyuma, waliifuata kinyume. Kitabu alichokitoa mwaka huohuo kilisema kwenye jalada kwamba anampenda Idi Amin, na wakimbizi wenzake wengi hawakufurahi.

Nyamata

Rwanda, mambo yalikuwa yamekwisha kuanza kuharibika. Machafuko ya 1959 yaliwatoa maelfu ya Watutsi nchini, ndugu wengi miongoni mwao, na ushirika ukahamia nao katika kambi za Uganda, Burundi na Tanganyika. Waliobaki ndani baadhi walisogezwa Nyamata, kusini ya Kigali. Mchungaji wao alikuwa Yona Kanamuzeyi, mtu wa uamsho. Januari 1964 askari walimchukua usiku pamoja na wenzake, wakawapeleka mtoni Nyabarongo. Rafiki aliyesalimika alisimulia kwamba Yona alikwenda darajani akiimba. Walimpiga risasi, wakautupa mwili mtoni.

Miaka thelathini baadaye, Aprili 1994, katika mji huohuo wa Nyamata, maelfu walikimbilia kanisa Katoliki na wakauawa humo ndani. Nchi nzima makanisa yaligeuka machinjio, na waliobeba mapanga wengi wao walikuwa wamebatizwa. Walikuwapo ndugu waliokufa wakiwaficha majirani. Walikuwapo pia viongozi wa kanisa lililozaliwa na uamsho waliosimama na serikali ya wauaji, au waliokaa kimya.

Swali la jinsi hayo yalivyowezekana haliwezi kuepukwa katika historia ya Gahini. Naona sehemu ya jibu iko palepale mwaka 1933. Ushirika ulikuwa na jina la pombe, la wizi, la uzinzi, hata la kiburi cha mzungu. Mtu aliweza kutubu kwamba anamchukia Mhutu fulani au Mtutsi fulani. Kitambulisho chenyewe, ile karatasi ya makarani iliyopanga nani asome na nani atawale, hakuna aliyekileta kikaoni. Hakikuwa dhambi ya mtu yeyote, kwa hiyo hakikuwa na wa kukitubia.

Lango linapokuwa jembamba

Uharibifu mwingine ulikuwa wa taratibu. Kikao kilichobuniwa ili watu watembee pamoja kilifaa vilevile kukagua nani anatembea sawasawa. Nyanza ya Kenya, ugomvi ndani ya uamsho ulizaa kanisa la Johera mwaka 1957, na wafuasi wake walijiita watu wa upendo ili wajitenge na ndugu waliowaona wakali. Uganda, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, kundi la walioitwa Bazukufu, walioamshwa upya, lilidai kwamba wengine wamelala tena, likaweka masharti juu ya madeni na mavazi. Kenya kukatokea mgawanyiko wa namna hiyohiyo, kwa jina la Kufufuka. Neno la Kigozi, lililotaka kuliamsha kanisa zima, sasa liliwatenganisha ndugu wa nyumba moja.

Kuanzia miaka ya 1980 Wapentekoste walileta vipaza sauti, mikesha na miujiza. Walichukua hata jina. Kwa kijana wa Mwanza leo mlokole ni mtu wa kanisa la kiroho, na hajui kwamba wa kwanza walikuwa Waanglikana wa kanzu na vitabu vya sala.

Ila vikao havijafa. Kigezi, Kagera, Kiambu, jioni moja ya wiki, utawakuta wazee ishirini au thelathini kwenye mabenchi ya kanisa, wanawake wakiwa wengi zaidi. Bibi anasimama kwa fimbo. Anawasalimu wapendwa, anataja mwaka Bwana alipomkuta, na hapo sauti haibadiliki, kwa sababu ameutaja mara elfu. Kisha anavuta pumzi, anamtazama jirani aliyeketi safu ya pili, na anaanza habari za kuku walioingia shambani Jumanne.